Tuchimbe Kabla ya Kupandisha Kuta



Kila mara masika makubwa yanapokwisha na maji ya Kilombero yanaporudi mtoni, nyumba nyingi za bonde letu hubaki na mstari wa tope ukutani. Penginepo mstari huo hufika kizingitini, penginepo hufika dirishani, na penginepo haupo kabisa kwa sababu ukuta wenyewe haupo tena. Wenye nyumba hurudi, huchota tope kwa majembe, huanika magodoro juani, hukusanya mabati yaliyotupwa mbali na maji. Kisha huanza kujenga upya, na mara nyingi hujenga palepale, na kwa namna ileile.

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya jambo hilo, yaani juu ya msingi wa nyumba katika nchi isiyotulia. Huenda baadhi yenu watauliza: Gazeti la Kanisa lina shauri gani na mawe na saruji? Je, hiyo si kazi ya mafundi? Twajibu kwamba Bwana wetu Yesu Kristu, aliyelelewa katika nyumba ya fundi, alipoyafunga mafundisho yake makuu ya mlimani hakusema juu ya malaika wala juu ya hekalu. Alisema juu ya watu wawili waliojenga nyumba, na juu ya kile kilichokuwa chini ya nyumba zao. Basi, wala sisi tusione haya kusema juu yake.

Mfano huo wajulikana na kila mtoto aliyepita mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Lakini twafikiri ni wachache walioangalia kwamba Wainjili wawili wameusimulia kwa namna mbili. Kwa Mtakatifu Mateo twaona mwamba upande huu na mchanga upande huu, na mvua na pepo na mito yazipiga nyumba zote mbili. Mtakatifu Luka hautaji mchanga. Yeye atueleza juu ya mtu aliyechimba, akazidi kwenda chini, hata akaukuta mwamba ndipo akaweka msingi; na mwenzake ambaye aliiweka nyumba juu ya udongo mtupu, pasipo msingi wowote. Kisha mto ukafurika. Kwa sisi wa Ifakara, masimulizi ya Luka ni kama yameandikwa kwa ajili yetu. Mto twaujua, na udongo mtupu twaujua.

Tuangalie mambo mawili katika mfano huo. La kwanza, mto uliwafikia wote wawili. Yule mwenye busara hakuahidiwa kwamba maji hayatafika mlangoni kwake. La pili, siku ya kuingia nyumbani hapana mpita njia ambaye angeweza kusema nyumba hii ni bora kuliko ile. Kuta zaweza kuwa sawa, na mapaa sawa. Tofauti yote ilikuwa imefukiwa chini ya ardhi, mahali ambapo ni Mungu, na fundi, na mwenye nyumba tu wanaojua kilichowekwa.

Sasa tuitazame nchi yetu ilivyo. Upande wa kaskazini na magharibi twaona milima ya Udzungwa, na upande wa kusini na mashariki nchi ya juu ya Mahenge. Katikati ni uwanda mpana ulio bapa kama meza. Mito mingi yashuka kwa kasi kutoka milimani, na ikifika uwandani yapoteza kasi, yabwaga mchanga na tope iliyobeba, kisha yapanuka. Ndivyo afanyavyo Mto Lumemo upitao karibu na mji wa Ifakara, na ndivyo lilivyojengeka bonde lote, tope juu ya tope, kwa maelfu ya miaka. Tope hiyo ndiyo riziki yetu. Pasipo hayo maji yafurikayo, mpunga wa Kilombero usingekuwa mpunga uliosifiwa nchi nzima. Mwaka 2002 ardhioevu ya bonde hili iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, kama mali ambayo mataifa yote yapaswa kuiheshimu. Basi, mafuriko si adui aliyekuja jana kutuvamia. Mto ndio mwenyeji, nasi ndio tuliokuja kukaa uwanjani pake.

Hata mnyama sheshe, ambaye bonde hili ni moja ya makao yake makubwa, alijua jambo hili kabla yetu. Maji yapandapo, yeye huacha majani ya uwandani, akasogea ukingoni penye nchi ya juu. Maji yakishuka, hurudi. Wazee wetu Wandamba nao walijua. Walipokwenda mashambani wakati wa mpunga walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalala humo maji yakipita chini yao. Watu waliofika baadaye waliyaona madungu hayo kuwa makao ya watu wasiostaarabika. Twasema bila kusita kwamba aliyejenga dungu alikuwa amesoma nchi yake vizuri kuliko mtu ajengaye leo nyumba ya matofali penye dimbwi, na sakafu yake ikiwa sawa na uso wa shamba.

Tusidhani kwamba hatari hii imekwisha kwa kuwa sasa twajenga kwa bati na saruji. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wengi wenu mwazikumbuka. Masika ya 2024 hapana haja ya kuyasimulia, maana athari zake zaonekana bado. Tarehe 25 Aprili ya mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko ya msimu ule, na kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Na miezi michache tu kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hata Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Hizo ni roho za watu, si hesabu tupu. Kila mmoja wao alikuwa mahali fulani, chini ya paa fulani.

Haya ndiyo yanayotufanya tuseme kwa urefu. Tuanze na udongo wenyewe, maana ajengaye bila kuujua udongo ni kama aozaye binti kwa mtu asiyemjua.

Katika bonde letu twakutana na udongo wa namna mbili ulio hatari. Wa kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, ule mfinyanzi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huu hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa. Nyumba iliyowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si sawasawa: kingo hulowa mapema kuliko katikati, na upande wa jua hukauka upesi kuliko upande wa kivuli. Ndipo mlango unapokataa kufunga, na nyufa za mshazari zinatokea kwenye pembe za madirisha. Watu wengi wafikiri nyumba nyepesi haina haja ya msingi wa maana. Kwa udongo huu ni kinyume: nyumba nyepesi ndiyo inayoinuliwa kwa urahisi zaidi. Udongo wa pili ni mchanga mwembamba na tope laini ulioletwa na mito. Huu hauvimbi, lakini huzama ukibebeshwa mzigo, na maji yendayo kwa kasi huuchota kutoka chini ya msingi hata nyumba ikabaki imening'inia.

Kuujua udongo hakuhitaji fedha nyingi. Chimbeni shimo kiwanjani, lenye kina cha kimo cha mtu, kabla ya kununua tofali hata moja. Tazameni tabaka zake, na mtazame maji yatokea kwa kina gani. Tena mrudie kutazama wakati wa masika. Twaeni udongo mkavu uliosagwa, mwutie taratibu katika bilauri ya maji. Ukivimba na kupanda sana, mmeonywa. Uteni mwingine katika chupa ya maji, mwitikise, mwiache itulie: mchanga utashuka kwanza, na mfinyanzi utakaa juu kabisa, nanyi mtaona kila kimoja ni kiasi gani. Tazameni mistari ya tope kwenye mashina ya miti na kuta za jirani. Na zaidi ya yote waulizeni wazee, tena si mzee mmoja, na asiwe mzee yule auzaye kiwanja.

Mkisha kuujua udongo, ndipo mtachagua msingi. Hapa ndipo wengine watatuambia: Mwamba tutaupata wapi? Hapa Ifakara mtu aweza kuchimba siku nzima asikutane na jiwe la ukubwa wa ngumi. Je, mfano wa Bwana wetu hautuhusu? Watuhusu sana. Aliyesifiwa katika Injili hakusifiwa kwa bahati ya kuzaliwa mahali penye mwamba. Alisifiwa kwa sababu alikubali kuchimba, wala hakuinua ukuta hata alipokipata kitu cha kuushikilia. Kile kishikiliacho kwaweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni kwenda chini. Kama udongo mbaya ni tabaka tu, na chini yake yapatikana changarawe au udongo mgumu usiobadilika, basi mtaro upite tabaka ile mbaya, msingi ukae juu ya ile njema. Ambapo tabaka mbaya si nene sana, yafaa kuuondoa udongo mweusi wote chini ya nyumba, kisha kujaza moramu na kuishindilia kidogo kidogo, kila safu ya sentimita 15 kwa zamu yake, si kumwaga lori zima kwa siku moja na kukanyaga kwa miguu. Juu ya mawe ya msingi upite mkanda wa zege wenye nondo, uzungukao nyumba yote bila kukatika, hata chini ya milango. Mkanda huo hufanya kuta zote zisukumwe na kushikana pamoja, isiwe kila ukuta na safari yake.

Njia ya pili ni kutandaza mzigo. Pale ambapo udongo ni laini hata chini sana, hakuna faida kuufuata. Wajenzi wenye ujuzi humwaga jamvi moja la zege lililosukwa nondo, chini ya nyumba nzima, nalo huubeba mzigo wote kwa pamoja, kama mtumbwi ubebavyo watu juu ya maji. Nyumba yaweza kushuka kidogo, lakini yashuka yote pamoja, haipasuki. Njia hii ina gharama, na haifai kukisiwa. Yahitaji mhandisi apime na kuchora. Twasema hivi kwa kuwa tumeona watu wakimwaga zege jembamba pasipo nondo, wakaliita jamvi. Hilo ni sakafu tu, nalo litavunjika kama kaki.

Njia ya tatu ni kuinua. Huu ndio ujuzi wa dungu. Msingi upandishwe hata sakafu iwe juu ya mstari wa mafuriko makubwa yanayokumbukwa, ama kwa kujaza na kushindilia, ama kwa nguzo imara zilizoshuka ardhini kwa kina cha kutosha. Maji yapewe njia ya kupita. Asiyeyapa njia atakuta yamejifanyia. Paa litoke nje ya kuta kwa upana, mfereji upeleke maji mbali na nyumba, na miti mikubwa isipandwe karibu na kuta, maana mizizi yake hunyonya maji chini ya msingi upande mmoja, na mfinyanzi husinyaa upande huo.

Na iko njia ya nne, ambayo ni chungu kuliko zote, nayo ni kutojenga pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, mwaiona jinsi ilivyopita pembeni mwa bonde, chini ya milima, badala ya kukata katikati ya uwanda. Waliokuwa na mitambo na fedha nyingi waliikwepa tope; je, sisi wenye chepe na toroli tutaishinda?

Tusidhani kwamba utakatifu wa jengo hulikinga na udongo mbaya. Katika mji wa Pisa, Italia, wajenzi walianza mwaka 1173 kuujenga mnara wa kengele wa kanisa kuu, wakauwekea msingi wa mita 3 hivi katika udongo laini. Kabla hawajapita ghorofa ya tatu ulikwisha kuanza kuinama. Ulilazimika kufungwa mwaka 1990, na wataalamu wakahangaika nao miaka zaidi ya 10 ndipo ukafunguliwa tena mwaka 2001. Katika Jiji la Meksiko, kanisa kubwa la kale la Bikira Maria wa Guadalupe, lililomalizika mwaka 1709, limejengwa juu ya nchi iliyokuwa ziwa. Lilizama na kuinama hata ikabidi kujenga kanisa jipya kando yake, lililofunguliwa mwaka 1976. Mamilioni ya waumini wamesali ndani ya kanisa lile la kale, na sala zao zilisikiwa, twaamini. Lakini sala haigeuzi mfinyanzi kuwa mwamba. Mungu aliyetupa imani ndiye aliyeupa udongo tabia yake, naye hajipingi mwenyewe.

Twaufikia moyo wa maneno yetu. Nyumba ikianguka, huwa twasikia kwenye matanga maneno ya Ayubu: Bwana ndiye aliyetoa, naye ndiye aliyetwaa. Ni maneno matakatifu, na mjane ayasemaye kwa machozi amebarikiwa. Lakini yako midomo isiyostahili kuyatamka. Asiyatamke mtu aliyeuza kiwanja wakati wa kiangazi, hali akijua kwamba masika mtumbwi hupita hapo. Asiyatamke fundi aliyepewa fedha za mifuko 20 ya saruji, akatia 12, akafukia haraka kabla mwenye nyumba hajarudi kutoka shambani. Asiyatamke kiongozi aliyeacha watu wagawiwe viwanja katika mkondo wa maji kwa kuwa alipata kitu mkononi. Katika nyumba hizo Bwana hakutwaa. Alitwaa mtu, na Bwana atamwuliza.

Torati ya Musa iliamuru kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukuta mdogo wa kuzuia kandokando ya paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni: sheria ya Mungu yaingia hata katika ufundi wa kujenga, na ujenzi mbaya yauita deni la damu. Kwa hiyo twawaambia mafundi Wakristu waziwazi: kuiba saruji ya msingi si sawa na kuiba saruji ya ghala. Mwizi wa ghalani ameiba mfuko. Mwizi wa msingini amefukia kifo chini ya watoto waliolala. Naye akienda kuungama, asidhani atamaliza kwa kusali Salamu Maria tatu. Kitubio cha kweli chadai malipizi: kurudisha alichokichukua, au kuirudi kazi na kuitengeneza.

Kanisa nalo lisijitoe katika lawama hii. Mara ngapi katika vigango vyetu tumeanza kujenga kwa haraka ili sherehe ya kuweka jiwe la msingi isichelewe, na jiwe lenyewe likawa zuri kuliko msingi? Wafadhili hupenda kuona paa na madirisha; ni nani aliyewahi kupigwa picha kando ya mtaro? Mtaro wa msingi hauna utukufu. Unakula fedha, watoa jasho, kisha wafukiwa na kusahauliwa. Ndiyo maana Bwana wetu aliuchagua kuwa kipimo cha wafuasi wake. Kusikia neno lake na kulisifu ni kupaka rangi; kulitenda pasipo kuonekana ndiko kuchimba. Mtu aweza kuimba kwaya kwa sauti ya kupendeza, akavaa sare ya chama, akabeba bendera siku ya somo, na chini ya hayo yote pasiwe na kitu: hamsamehe nduguye, hamlipi kibarua wake, hasemi kweli barazani. Nyumba hiyo yasimama wakati wa kiangazi. Na wakati wa kiangazi nyumba zote husimama.

Najua, mtasema, asemaye hivyo ana mshahara. Hapana, hatusemi hivi kuwaaibisha maskini. Twajua kwa nini mtu ajenga bondeni. Kiwanja cha juu ni ghali, shamba lake liko chini, na watoto wanahitaji paa kabla ya mvua za Novemba. Hebu tumfikirie baba mmoja wa namna hiyo, mwenye fedha za kuta au fedha za msingi, si za vyote viwili. Jirani zake watamsukuma apandishe kuta, maana mtu mwenye mtaro tu mwaka mzima huchekwa. Bwana wetu naye alimtaja mtu aliyechekwa kwa kuanza mnara asiweze kuumaliza, lakini kosa lake yule lilikuwa kutokaa chini kwanza na kuhesabu. Twamwambia baba huyu: Keti, hesabu, kisha weka msingi mwema wa vyumba viwili badala ya msingi hafifu wa vyumba vinne. Ukikosa kabisa, jenga kibanda cha miti na udongo mahali pa juu, ukae humo bila haya hata utakapoweza. Kibanda kikianguka, chaweza kusimamishwa tena na jirani kwa siku chache. Ukuta wa matofali mazito usio na msingi haumpi aliyelala chini yake nafasi ya kujuta.

Na jirani wakimcheka, kosa ni la jirani. Hapa ndipo tunapotaka kuyakumbuka maneno tuliyoyasema juu ya jamvi la zege. Nchi laini haimbebi mtu mmoja mmoja. Humbeba yeye aliyeunganishwa na wenzake. Zamani hapakuwa na mtu aliyesimamisha nyumba peke yake. Watu walialikana kukata miti, kukandika udongo, kuezeka, na mwenye nyumba akapika. Siku hizi twaalikana harusini kwa michango mikubwa, na kwenye mtaro wa mwenzetu hatuonekani. Je, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu haziwezi kuurudisha ushirika huo? Nyumba 12 za jumuiya moja zikikubaliana, zaweza kukodi mashine moja ya kushindilia, kumlipa mhandisi mmoja aje apime viwanja vyote kwa siku moja, na kuwachimbia mitaro kwa zamu wajane na wazee walio miongoni mwao. Hapo ndipo salamu ya amani ya Misa itakapokuwa na uzito wa chepe mkononi.

Tena ushirika huo usiishie mjini. Mchanga uziba mkondo wa Lumemo haukuzaliwa Ifakara. Msitu ukatwapo kule juu, na kilima kikalimwa hata ukingoni mwa kijito, mvua ya kwanza huubeba udongo na kuuleta chini, mto ukajaa tope, maji yakakosa pa kupita isipokuwa sebuleni mwa watu. Kwa hiyo msingi wa nyumba ya bondeni waanzia mlimani, katika mkono wa mtu ambaye pengine hatawahi kumwona yule aliyemfurikishia. Mtume Paulo alisema mwili ni mmoja wenye viungo vingi. Twaweza kuona jinsi kiungo kimoja kinavyoumia kwa kosa la kingine, hata kama wako mbali kwa safari ya siku nzima.

Basi, wapenzi wasomaji, twawapeni kazi ya majuma haya ya ukavu, kabla mawingu hayajarudi. Kila mwenye nyumba auzunguke msingi wake asubuhi moja, kwa utulivu, pamoja na watoto wake. Atazame pembe za madirisha, atazame mahali maji ya paa yanapoangukia, auzibue mfereji, ajaze shimo lililochotwa na maji chini ya ukuta. Anayetaka kujenga, achimbe shimo lake sasa, naye alitazame tena masika. Auzaye kiwanja cha bondeni, amwambie mnunuzi mbele ya mashahidi maji hufika wapi. Fundi ayaache mashimo ya msingi wazi, mwenye nyumba ayaone kabla hayajafukiwa. Na viongozi wa vigango wajiulize kama nyumba ya katekista wao ni salama sawa na kanisa wanalolijivunia.

Na usiku ule wa kwanza wa mvua, mkiwa mmelala na mkisikia maji juu ya bati, mkumbuke kwamba kuna nyumba ya pili ambayo kila mmoja wetu anaijenga, nayo hakuna jirani awezaye kuichimbia mtaro wake. Paulo awaambia Wakorinto kwamba msingi wake umekwisha kuwekwa, nao ni Yesu Kristu, wala hapana mtu awezaye kuweka mwingine. Kwa huo hatuna haja ya kupima udongo. Iliyobaki ni kushuka mpaka tuufikie, kwa toba, kwa haki na kwa kutenda.

Mungu abariki mikono yote inayochimba katika bonde hili, na Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, awaombee.